Sentensi ya Ukurasa wa Sitini na Mbili

Kazi yangu ilikuwa kusoma kwa sauti kila kilichomo kwenye karatasi, pamoja na vitu ambavyo watu wengine huvipita kimya. Nilisoma nukta. Nilisoma mkato. Palipoanza aya mpya nilisema "aya mpya", na mhusika alipomaliza kusema nilisema "funga usemi". Mbele yangu palikuwa na mswada wa mwandishi. Upande wa pili wa meza alikaa msahihishaji, naye alikuwa na prufu, yaani zile kurasa za majaribio zinazotoka kwa mpanga chapa kabla kitabu hakijaenda mashineni. Mimi nilisoma, yeye alifuata kwa rula ya mbao na kalamu nyekundu, mstari baada ya mstari. Popote sauti yangu ilipotofautiana na karatasi yake, alijua kwamba mpanga chapa amekosea, akaandika sahihisho ukingoni.

Kiwanda kizima kilimwita msahihishaji huyo Mzee Nukta, na sidhani kama alijua. Mimi waliniita Mama Mkato, kwa sababu katika wiki yangu ya kwanza nilisoma "mkato" mahali ambapo inzi alikuwa ameacha alama yake kwenye karatasi, na Mzee Nukta akauandika.

Kabla ya hapo nilikuwa katika chumba cha kujalidi kwa miaka kumi na mmoja, nikikunja karatasi zilizotoka mashineni. Kila karatasi ni kubwa kama kitambaa cha meza, nayo hukunjwa mara tatu, ukapitisha mfupa wa kukandamizia karatasi juu ya mkunjo hadi ulale, ukapata kurasa kumi na sita zinazofuatana. Nilikunja vitabu vingi bila kujua hata kimoja kinasema nini. Niliyajua maandishi kwa sura tu, kama unavyowajua watu wa mtaa ambao hujawahi kuzungumza nao. Nilijifunza kusoma nikiwa na umri wa miaka arobaini na minne, katika darasa la watu wazima lililokutana saa kumi na nusu jioni kwenye shule ya msingi, tukiwa tumekalia madawati ambayo magoti yetu hayakuingia chini yake.

Msomaji wa awali wa Mzee Nukta alipostaafu, mzee alikuja chumbani kwetu na ukurasa mmoja mkononi, akatuomba tuusome mmoja baada ya mwingine. Waliosoma shule waliumaliza upesi na kumrudishia. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilisoma huku nikiweka kidole chini ya kila neno, na nilipofika katikati wenzangu walikuwa wamesharudi kwenye kazi zao.

"Huyu," Mzee Nukta alisema.

Bi Gundi, aliyekuwa akipaka gundi migongo ya vitabu tangu kabla sijaajiriwa, aliangua kicheko. "Mzee, huyo ukimpa ukurasa leo, utaupokea keshokutwa."

"Ndiye ninayemtaka. Ninyi mnakisia. Mnaona mwanzo wa neno, mnamalizia wenyewe. Huyu hakisii. Bado hajajua namna ya kukisia."

Hivyo ndivyo nilivyokabidhiwa kiti. Chumba chenyewe kilikuwa chembamba, kina dirisha moja linaloutazama ukuta wa jengo la jirani, kabati la miswada, na meza ambayo upande wangu ulikuwa umechubuka kwa viwiko vya walionitangulia. Siku ya kwanza Mzee Nukta alinipa kanuni yake, wala hakuwahi kuirudia.

"Sisi hatusomi, Mama. Tunalinganisha. Anayesoma huona kinachopaswa kuwepo. Sisi tunatafuta kilichopo."

Niliipenda kazi ile kuliko ninavyoweza kueleza. Naomba nieleweke kwamba haikuwa kwa ajili ya kupandishwa cheo. Ni kwa sababu kila nilipofika mwisho wa ukurasa, Mzee Nukta aliinua rula yake na kusema, "Endelea." Alilisema neno hilo labda mara themanini kwa siku. Jioni nilifungua mlango wa chumba changu, nikawasha taa, na tangu hapo hadi asubuhi hapakuwa na mtu wa kuniambia neno lolote.

Nina mtoto mmoja, binti. Aliondoka miaka minne kabla ya mambo ninayoyasimulia. Alikuwa amepata kazi katika mji mwingine, nami sikutaka aende. Katika ugomvi wetu wa mwisho aliniambia, kwa sauti ya chini, jambo ambalo lisingeniuma kiasi kile kama angelisema kwa kelele.

"Hunitaki mimi, Mama. Unayataka macho yangu."

Nusu ya maneno yake ilikuwa kweli. Tangu alipokuwa na miaka minane, yeye ndiye aliyenisomea kila kitu: maandishi ya chupa za dawa, barua za shule yake mwenyewe, matangazo yaliyobandikwa langoni kwa mwenye nyumba. Sikumjibu. Nilimpa mgongo, na nikiwa bado nimempa mgongo nilisikia mlango ukifungwa. Mwezi uliofuata nilijiandikisha kwenye darasa. Habari zake nilizipata kwa mdogo wangu, ambaye ni mama yake mdogo, na zilikuwa fupi siku zote: yupo, mzima, ana kazi. Nikimpigia simu mimi, inaita hadi inachoka.

Nimeyaeleza haya mapema ili msomaji asidhani baadaye kwamba namficha kitu.

Katika mwezi wangu wa tisa kwenye kiti kile tulipokea kitabu cha mzee mmoja aliyekuwa fundi wa kutengeneza saa. Alikuwa amepita miaka sabini, na hicho kilikuwa kitabu chake cha kwanza. Alisimulia habari za kuondoka nyumbani kwao akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, na yote yaliyomkuta baada ya hapo. Mswada wake ulipigwa kwa taipureta ambayo herufi zake nyingine zilikuwa zimezama na nyingine zimeinuka. Niliuanza siku ya Ijumaa, na Jumatatu asubuhi tulikuwa tumefika ukurasa wa sitini na mbili wa prufu.

Pale aliandika hivi: "Nilifunga begi langu. Ilikuwa saa saba mchana na basi lilikuwa linaondoka saa nane. Mama alikuwa jikoni, amenipa mgongo. Nilimuaga, hakujibu. Nilipovuka kizingiti, hakugeuka." Kisha aya mpya: "Nilitembea hadi kituoni bila kuangalia nyuma."

Niliyasoma hayo kwa sauti yangu ya kila siku, pamoja na nukta zake. Nakumbuka Mzee Nukta alisema, "Ngoja," akainama, akaandika kitu kirefu ukingoni. "Wameila sentensi nzima hawa," alinung'unika. Hilo halikuwa jambo geni, maana wapanga chapa huruka mstari mara kwa mara, nasi katika chumba chetu tuliita hiyo kula. Nilisubiri. Akasema, "Endelea," nami nikaendelea hadi kituo cha basi.

Jumatano ililetwa prufu ya pili. Katika hatua hiyo mswada huwekwa kabatini. Msomaji husoma prufu ya kwanza pamoja na masahihisho yake mekundu, ili msahihishaji ahakikishe kwamba kila sahihisho limefanyika. Nilipofika ukurasa wa sitini na mbili nilikutana na mwandiko mdogo wa Mzee Nukta ukingoni, na mshale ukionyesha mahali pa kuuingiza. Niliusoma kwa sauti: "Nilipokwisha kutoka alipakua chakula changu, akakifunika kwa sahani nyingine, akakiweka mezani mahali pangu, nukta."

"Imeingia," alisema Mzee Nukta. "Endelea."

Niliendelea. Sentensi ile niliifahamu. Niliifahamu kama mtu anavyofahamu mkono wake mwenyewe. Mzee alipokwenda kuchukua chai yake ya saa nne, nilifungua kabati, nikautoa mswada wa Fundi Saa, nikatafuta mahali pale. Mama yupo jikoni. Amempa mgongo. Hakugeuka. Kisha barabara. Kati ya kizingiti na barabara hapakuwa na chochote isipokuwa nafasi nyeupe ya karatasi.

Nilikuwa nimesoma kisichokuwemo. Nilikuwa nimekitamka kwa sauti ya kazi, nikakifungia na nukta, na Mzee Nukta, kwa kuwa aliniamini, alikiandika.

Sasa itanibidi niseme habari ya sahani. Siku binti yangu alipoondoka nilikuwa nampakulia. Ndiyo maana nilimpa mgongo; mwiko ulikuwa mkononi. Mlango ulipofungwa nilimaliza kupakua, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya, nikafunika sahani kwa sahani nyingine, nikaiweka mezani mahali pake. Jioni nilimwaga. Kesho yake nilipakua tena. Nilifanya hivyo siku tisa, kisha nikaacha, na sikumwambia mtu.

Nilirudisha mswada kabatini, nikakaa. Mzee aliporudi na kikombe chake nilikuwa nimekwisha kuamua kunyamaza. Sababu ya kwanza ilikuwa kiti. Msomaji anayeongeza maneno hafai hata dakika moja, na nje ya chumba kile hapakuwa na mtu wa kuniambia niendelee. Sababu ya pili ni ngumu zaidi kuikiri. Sentensi ile, katika prufu ya pili, ilikuwa imepangwa kwa herufi zile zile za kitabu, imekaa sawa na jirani zake, wala hapana ambaye angeitambua kuwa mgeni. Kwa mara ya kwanza jambo lile lilikuwa limesemwa mahali fulani duniani. Niliwaza kwamba kitabu kitauzwa, kwamba vitabu husafiri, kwamba katika ule mji mwingine binti yangu angeweza siku moja kukiokota na kufika ukurasa wa sitini na mbili. Najua ni mawazo ya mtu asiye na wa kuzungumza naye. Hata hivyo ndiyo yaliyonifunga mdomo.

Alhamisi mchana nilikwenda kula katika chumba cha kujalidi, kama nilivyozoea. Mpanga chapa wetu alikuwa amekaa juu ya bunda la karatasi. Ni baba wa watoto watano, na kwa kasi yake wote tulimwita Vidole. Mkononi alikuwa na barua ya onyo kutoka kwa meneja.

"Hebu sikilizeni," alisema. "Mimi huyu, eti nimekula sentensi nzima. Herufi naila, sikatai. Neno, siku nikiwa na njaa. Lakini sentensi nzima ina mifupa, jamani. Ningesikia ikinikwama."

Watu walicheka. Yeye hakucheka sana. "Hii ni ya pili mwaka huu," aliongeza, akaikunja barua mara nne. "Ya tatu, naenda nyumbani kuwapangia watoto chapa."

Bi Gundi alinitazama. "Mama Mkato leo anatafuna kama anahesabu. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, dada."

"Hakuna kitu huwa hakimkoseshi mtu chumvi. Umechovya mara tatu mahali pasipo na chumvi."

Nilimuuliza, ili niseme kitu, kwamba ikiwa anapanga kitabu na akakuta jani la kitabu kingine limejichanganya humo, na jani lenyewe ni zuri, anafanya nini.

"Nalitoa."

"Hata kama linapatana na kurasa za jirani?"

"Lipatane, lisipatane, si lake. Kuna mahali kuna kitabu kinalitafuta." Alifuta gundi vidoleni kwa aproni. "Maswali gani haya ya mchana?"

Niliinuka. Nilikusudia kumwambia Mzee Nukta saa ile ile, kwa ajili ya barua ile iliyokunjwa mara nne. Lakini nilipofungua mlango wa chumba chetu nilikuta kiti cha tatu kimewekwa mezani, na mzee mrefu, mkavu, mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kwenye paji la uso, alikuwa amekwisha anza kuisoma prufu. Mwandishi huja mara moja kabla ya kitabu kwenda mashineni ili aweke sahihi yake. Fundi Saa alikuwa amewahi kwa nusu saa.

"Karibu, Mama," aliniambia. "Naambiwa wewe ndiye sauti yangu."

Nilimsalimu, nikakaa. Alisoma polepole, akigeuza kila ukurasa kwa kushika ncha yake tu. Nilihesabu kurasa kwa masikio: hamsini na nane, hamsini na tisa. Kwenye sitini na mbili mkono wake ulisimama.

Alisoma ukurasa ule mara moja, akarudi juu, akausoma tena. Akaivua miwani ya puani.

"Sentensi hii," alisema, "niliiandika lini?"

"Imo katika mswada wako, Fundi," alijibu Mzee Nukta. "Mpanga chapa alikuwa ameila, tukairudisha."

"Haimo."

"Imo. Mimi siongezi."

"Sisemi umeongeza. Nasema haimo. Kila neno la ukurasa huu nimekaa nalo miaka."

Mzee Nukta aliinuka kama mtu aliyeombwa kuonyesha kitambulisho mlangoni kwake mwenyewe. Alifungua kabati, akautoa mswada, akaufungua mezani, akaiweka rula yake chini ya mstari. Aliushusha hadi mstari uliofuata. Aliupandisha. Nilimwona akitafuta kilichopo, kama alivyonifundisha, na hakipo.

"Miaka thelathini na mmoja kwenye meza hii," alisema, wala hakuwa akisema na sisi.

"Ni mimi," nikasema. "Niliisoma. Haikuwemo, na niliisoma. Tangu jana nimejua, na nimenyamaza. Vidole hana kosa."

Mzee Nukta alinigeukia. Nilikuwa tayari kwa hasira, lakini alichokisema kilikuwa neno moja, na alilisema kama daktari anayetaja ugonjwa uliokuwa ukitarajiwa.

"Umesoma."

Fundi Saa alikuwa bado ameshika ukurasa. "Hebu niambie, Mama. Huyu mama yangu, ulimwona wapi akipakua?"

"Kwako, mzee. Uliandika kwamba alikuwa jikoni."

"Niliandika jikoni kwa sababu ndipo alipokuwa."

"Na ni saa saba mchana. Hilo pia umeliandika."

"Basi lilikuwa la saa nane. Nilitaka msomaji ajue kwamba nina saa moja."

"Mtu aliyesimama jikoni saa saba mchana, amempa mtu mgongo," nilimuuliza, "anafanya nini?"

Aliutazama ukurasa. Kutoka chumba cha mashine palisikika mlio wa karatasi zikivutwa moja moja, kisha mashine ikazimwa.

"Miaka hamsini na mbili naukumbuka mgongo ule," alisema hatimaye. "Nimeuandika mara nne katika kitabu hiki. Kila nilipouandika, niliandika hasira. Alikufa kabla sijarudi, kwa hiyo hasira ikabaki vile vile." Aliigeuza miwani mkononi. "Unadhani alikuwa ananipakulia?"

"Sijui, mzee. Mimi nilikuwa nampakulia wangu."

"Ahaa."

"Pengine alikuwa na hasira kweli. Mimi nilikuwa nayo. Nilikuwa na mwiko na hasira pamoja."

Aliurudia ukurasa kwa macho, na nilianza kutumaini, kwa namna ya aibu, kwamba ataiacha. Alinigeukia kana kwamba amelisikia tumaini hilo.

"Siwezi kuiacha, Mama. Naomba unielewe. Anayesimulia hapa ni mimi, na mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha toka. Nikiiacha nitakuwa nimesema kwamba niliona. Nami sikuona. Hilo ndilo kosa langu lote, na ndilo kitabu changu chote, kwamba sikuona." Alimsogezea Mzee Nukta ukurasa. "Ikate."

Mzee Nukta aliweka rula, akapitisha mstari mwekundu juu ya sentensi kutoka mwanzo hadi kwenye nukta. Alikata kwa uangalifu ule ule aliotumia siku zote.

"Lakini jikoni ibaki," alisema Fundi Saa. "Na saa saba ibaki. Nilitaka kuziondoa nilipokuwa nyumbani, nikiona zimezidi. Sasa sizigusi."

Alimaliza kurasa zilizobaki na kuweka sahihi. Alipokuwa akivaa koti lake aliniuliza mwanangu yuko wapi. Nilimwambia: mji mwingine, mwaka wa nne.

"Anajua habari ya sahani?"

"Hajui."

"Basi umemwambia fundi saa wa watu, asiyekuhusu," alisema, "na yeye hujamwambia." Hakulisema kwa ukali. Alinipa mkono na kutoka, na tulisikia hatua zake ngazini, akipumzika kila baada ya ngazi chache.

Mzee Nukta aliandika barua mbili mchana ule. Moja ilikwenda kwa meneja, kueleza kwamba Vidole hakukosea na kwamba kosa lilitoka kwenye meza ya usahihishaji, chini ya sahihi yake yeye. Ya pili aliiandika, akanisogezea niisome mwenyewe. Ilisema kwamba kuanzia Jumatatu ningerudi chumba cha kujalidi.

"Si kwa ubaya, Mama," alisema. "Nilikuchukua kwa sababu ulikuwa unaona maneno tu. Sasa unaona watu. Hilo haliwezi kurudishwa nyuma, na mimi siwezi kulinganisha prufu pamoja na mtu anayeona watu."

"Ningejitahidi, Mzee."

"Najua ungejitahidi. Ndiyo sababu nyingine." Alinyoosha karatasi zake. "Kusoma ni kitu kizuri. Kwangu ni hasara tu."

Ijumaa tuliupitia ukurasa wa sitini na mbili kwa mara ya mwisho, kwa sababu ukurasa uliobadilika lazima usomwe upya. Nilisoma kila kitu. Nilipovuka kizingiti, mkato, hakugeuka, nukta. Aya mpya. Sikuongeza kitu. Nilisimama hapo nikisubiri rula ishuke kwenye mstari wa kituo cha basi, na haikushuka. Mzee Nukta alikuwa akiitazama ile nafasi nyeupe, kichwa kimeinama kidogo, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akichelewa mahali pasipo na kosa. Kisha akasema, "Endelea," na tukamaliza.

Kitabu kilichapishwa. Mimi ndiye niliyekunja karatasi yenye ukurasa ule, nakala zote, kwa siku mbili na nusu. Ukikunja mara ya pili, mkunjo hupita karibu na aya ile, na kila mara nilipoupitisha mfupa nilimwona mwanamke akipakua. Bi Gundi aliniuliza mbona nakunja taratibu kama mgeni. Nilimwambia nasoma. Alisema basi nitamaliza lini, na akaniwekea bunda jingine. Upande wa pili wa ukuta, Mzee Nukta alikuwa amepata msomaji mpya, mwanamke wa darasa letu la watu wazima, ambaye bado anaweka kidole chini ya kila neno. Ninaisikia sauti yake na kila "endelea" anayoambiwa.

Jumapili ya wiki ile nilikaa mezani kwangu nikaandika barua. Nilikuwa nimeshaandika mazoezi mengi darasani, barua za kuomba kazi na barua za kumshukuru mwalimu mkuu ambaye hayupo, lakini sikuwa nimewahi kumwandikia mtu aliye hai. Niliharibu karatasi tano. Katika ya kwanza nilieleza kila kitu na kuomba radhi kwa kila kitu, na nilipoisoma niligundua kwamba nimemwambia hadi namna ya kuhisi. Katika zile zilizofuata nilizidi kupunguza. Ya sita ilikuwa na sentensi tatu. Nilimwambia kwamba nimejifunza kusoma. Nilimwambia kwamba siku alipoondoka nilikuwa nampakulia, na kwamba niliendelea kupakua kwa siku tisa. Nilimwambia kwamba nipo pale pale.

Niliisoma kwa sauti kabla ya kuifunga, pamoja na mikato na nukta, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea, na katika chumba kile hapakuwa na wa kunicheka. Mdogo wangu aliipokea na kuahidi kumfikishia mkononi.

Huu ni mwezi wa tatu. Mdogo wangu anasema binti yangu aliipokea, akaiweka kwenye mkoba bila kuifungua mbele yake. Zaidi ya hapo sijui. Nikirudi kutoka kazini hujaribu kusikia jinsi atakavyoisoma. Siku nyingine namsikia akiisoma kwa haraka, amesimama, kama alivyokuwa akisoma matangazo ya langoni, na siku tisa zinakuwa lawama: tazama ulichonifanya nipike. Siku nyingine anakaa. Siku nyingine anafika kwenye neno "pale pale" na kuona ndani yake mlango ninaomfungia, na siku nyingine anaona mlango uliofunguliwa, na neno ni lile lile, mimi ndiye niliyeliandika na siwezi kulisaidia tena. Sina kalamu nyekundu ya kufika huko. Nawasha taa, naweka maji jikoni, nasubiri yachemke, na yeye, mahali ambapo sijawahi kufika, labda ameifungua na anasoma.